Kimea na Mizani: Malezi ya Mtoto, Utamaduni na Mamlaka ya Kijiji Mkoani Iringa

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 uliukuta Mkoa wa Iringa ukiongoza nchi kwa udumavu. Katika kila watoto 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano, karibu 57 walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Wastani wa taifa ulikuwa 30. Njombe na Rukwa zilifuata, kila moja ikiwa na takriban 50. Msomaji anayezijua Nyanda za Juu Kusini hana haja ya kuambiwa ajabu ya takwimu hizi iko wapi. Hii ni mikoa inayovuna. Pamoja na Mbeya na Ruvuma, imehesabiwa kwa miongo mingi kuwa ghala la taifa, na magunia yake ya mahindi yamelisha Dar es Salaam huku watoto wa wakulima wenyewe wakidumaa.

Maelezo mawili yanashindana. La kwanza, ambalo halikosekani kwenye hotuba za viongozi wanaozuru wilaya, ni kwamba kikwazo ni mila: mama anashinda shambani, baba anashinda kilabuni kwenye pombe za ulanzi na komoni, mtoto anaachiwa kibuyu cha uji wa asubuhi. La pili ni jipya na lina adabu zaidi. Linasema utamaduni ndio dawa: turudishe vyakula vya asili, tuwaite wazee, tupige ngoma siku ya kupima uzito. Makala haya hayaridhiki na lolote kati ya hayo mawili. Yote mawili yanautazama utamaduni kama mzigo uliowekwa pembeni, wa kutupwa au wa kubebwa, na hakuna linalouliza swali gumu zaidi: ndani ya kaya na ndani ya kijiji, nani anaamua muda wa mama utumike vipi, gunia liuzwe lini, na kipimo cha mtoto kisomwe na nani? Dai langu ni kwamba mpango wa ustawi wa mtoto huota mizizi pale tu unapoyagusa mambo hayo matatu. Iringa ina ushahidi wa kutosha, wa kufaulu na wa kushindwa, na ushahidi huo haujasomwa vya kutosha na Waswahili wenyewe.

Swali lilikuwa la nani?

Kalenga, kijiji kilicho kando ya Mto Ruaha Mdogo, kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini, kinajulikana kwa jambo moja. Ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iliyokuwa hapo ilibomolewa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa mwenyewe alijiua Julai 1898 ili asikamatwe. Na fuvu linaloaminika kuwa lake, lililorudishwa na Gavana Edward Twining Juni 1954, liko kwenye jumba la makumbusho kijijini hapo. Wageni huja kuliona fuvu, wakapiga picha, wakaondoka. Wachache huambiwa kwamba Uhehe ulikuwa pia maabara ya kitu kingine: matumizi ya elimu ya utamaduni katika kuwatawala watu.

Waingereza walimrudisha Sapi, mwana wa Mkwawa, kwenye utemi mwaka 1926, katika mpango wa kutawala kupitia machifu. Utawala wa namna hiyo ulihitaji kujua mila. Mwaka 1935 kikachapishwa kitabu cha G. Gordon Brown, mwanaanthropolojia, na A. McD. Bruce Hutt, afisa wa utawala, kuhusu jaribio walilolifanya katika Wilaya ya Iringa. Utaratibu wao ulikuwa rahisi na, kwa wakati wake, wa kisasa mno. Mtawala anauliza swali kuhusu ndoa, ardhi, kodi au mahakama. Mtaalamu anakwenda vijijini kutafuta jibu. Mtawala anaamua la kufanya. Wahehe walikuwa ndani ya jibu. Ndani ya swali hawakuwamo.

Nimeutaja mfano huu kwa sababu miradi mingi ya siku hizi inayojisifu kuwa imezingatia utamaduni inafuata ramani hiyo hiyo bila kujua. Afisa mradi ana lengo lake tayari, mathalani kila mtoto ale makundi matano ya chakula. Anaajiri mtafiti akachunguze imani na mienendo. Mtafiti analeta orodha ya miiko, majina ya mboga kwa Kihehe, na methali mbili tatu za kupamba vipeperushi. Kisha ujumbe ule ule unarudi kijijini umevaa kaniki. Heshima kwa utamaduni imeongezeka kuliko mwaka 1935, hilo nalikubali. Mwelekeo wa swali haujabadilika.

Mizani ya mwaka 1983

Kuna kipindi ambacho swali lilikaribia kurudi kijijini, na kilianzia hapa hapa mkoani. Desemba 1983 ulizinduliwa Mpango wa Pamoja wa Lishe Iringa, uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF kwa fedha za serikali ya Italia, na kuendeshwa na serikali ya Tanzania ikiwemo Taasisi ya Chakula na Lishe. Ulianza katika vijiji 168 vyenye watoto wapatao 46,000 wa chini ya miaka mitano. Ulizinduliwa kwa kampeni ya filamu na mikutano vijijini, lakini kiini chake kilikuwa kitu cha kawaida kabisa: mizani ya kuning'iniza. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku yake ya afya. Watoto walipimwa, kadi zikajazwa, na matokeo yakajadiliwa na kamati ya kijiji pamoja na serikali ya kijiji kabla ya kupanda ngazi kwenda wilayani. Walipima, wakachambua sababu, wakachukua hatua, kisha wakapima tena.

Matokeo yake yaliandikwa dunia nzima. Kati ya mwaka 1984 na 1988 utapiamlo mkali katika vijiji vile ulishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8, na watoto wenye uzito pungufu kwa jumla wakapungua kutoka karibu asilimia 56 hadi 38. Mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliutangaza mwaka 1990, na ambao leo unafundishwa kila chuo cha afya ya jamii, ulichongwa kwa sehemu kubwa kutokana na uzoefu wa Iringa. Ndani ya mchoro huo malezi yamewekwa sambamba na chakula na huduma za afya. Mkoa ambao leo unahubiriwa kuhusu malezi ndio ulioisaidia dunia kuyaweka malezi kwenye mchoro. Hili linapaswa kututia aibu kidogo, na fahari kidogo.

Mtaalamu atanionya hapa, na atakuwa na haki. Uzito pungufu wa miaka ya 1980 na udumavu wa mwaka 2022 ni vipimo tofauti: kimoja kinalinganisha uzito na umri, kingine urefu na umri. Viwango vya kulinganishia vilibadilishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006. Hata mkoa wenyewe si ule ule, kwani Njombe ilijitenga mwaka 2012. Kwa hiyo huwezi kuchora mstari mmoja kutoka 38 hadi 57 ukasema hali imerudi nyuma kiasi hicho. Unachoweza kusema ni kwamba mpango uliofaulu kiasi kile haukuacha nyuma yake kinga ya kudumu. Na hata kwa kipimo kimoja cha udumavu, hali ya karibuni haielekei chini: Iringa ilikuwa na asilimia 47 hivi mwaka 2018.

Ni utamaduni gani uliofanya kazi katika vijiji vile 168? Anayetafuta mila za kale atasikitika. Chombo kilichobeba mizani kilikuwa serikali ya kijiji, iliyoundwa na sheria ya mwaka 1975, katika makazi ambayo watu wengi walihamishiwa, baadhi yao kwa nguvu, miaka michache tu kabla. Iringa inaikumbuka operesheni ya vijiji kwa uchungu wake. Ismani ndiko alikouawa Mkuu wa Mkoa Wilbert Klerruu siku ya Krismasi ya 1971 kwa mgogoro wa ardhi na ujamaa. Hata hivyo, kufikia 1983 mkutano wa kijiji, balozi wa nyumba kumi, kamati na lawama za hadharani vilikuwa vimekwisha kuwa njia ambayo watu waliijua ya kufanya mambo yao. Utamaduni hujengwa pia na mambo ya juzi. Mwenyekiti aliyesomewa mbele ya wenzake kwamba watoto wa kitongoji chake wamepungua uzito hakuhitaji ngoma ili aelewe kwamba ameaibika.

Elimu ya wapika komoni

Upande wa kale nao ulikuwepo, na hapa ndipo ningependa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo pana somo lililopotea.

Uji wa mahindi una kasoro inayotokana na wanga wenyewe. Ukiupika, wanga hunywa maji na kuvimba. Ukitaka uji mwepesi ambao mtoto wa miezi minane ataumeza, utatia unga kidogo na maji mengi. Tumbo lake dogo litajaa maji kabla hajapata nguvu ya kumtosha. Ukitia unga wa kutosha, uji utakuwa mzito na mtoto atautema. Ndiyo maana ghala linaweza kujaa na mtoto akadumaa, hasa akilishwa mara mbili tu kwa siku. Mwaka 1983 watafiti A. C. Mosha na Ulf Svanberg walichapisha matokeo ya jaribio lililotoa njia: uji mzito ukichanganywa na unga kidogo wa kimea, yaani nafaka iliyoloweshwa, ikachipua, ikakaushwa na kusagwa, unalainika kwa dakika chache bila kuongezwa maji. Vimeng'enya vilivyoamka ndani ya punje inayochipua huukata wanga vipande vifupi. Mtoto anapata unga mwingi zaidi katika kikombe kile kile.

Kwa mwanamke wa Iringa anayepika komoni au togwa hiyo haikuwa habari. Amekuwa akiuona uji mzito ukigeuka kuwa mwepesi na mtamu mbele ya macho yake, maana bila hivyo hakuna togwa na hakuna pombe. Anajua ulezi unahitaji siku ngapi kuchipua kwenye baridi ya Juni na siku ngapi kwenye joto la Novemba. Hata uchaguzi wa nafaka una maana: mtama unaochipua hutengeneza sumu ya sianidi, wakati ulezi ni salama zaidi, na ulezi ndio kimea cha kawaida huku.

Kimea kilihimizwa katika mpango wa Iringa na katika kampeni zilizofuata, lakini hakikuenea jikoni kama ilivyotarajiwa. Sababu iliyotajwa mara nyingi ni kazi. Kulowesha, kuchipuza, kuanika, kulinda kuku wasile, kusaga, yote hayo kwa ajili ya kijiko kimoja cha unga kwa siku, ni mzigo mwingine juu ya mwanamke ambaye tayari anateka maji, anatafuta kuni na kulima. Nakubaliana na sababu hiyo, lakini naona imesimamishwa kabla ya kufika mwisho. Kimea kilikuwa kikitengenezwa katika vijiji hivyo kila wiki, kwa wingi, na wanawake waliolipwa kwa kazi hiyo kupitia bei ya pombe. Mpango ulimwendea mama mwenye mtoto ukamfundisha upya, peke yake, ujuzi ambao jirani yake aliumiliki kama biashara. Kumwendea mpika pombe na kupatana naye atenge debe la kimea cha ulezi kwa ajili ya vituo vya kulishia watoto kungegharimu kidogo. Kilichozuia, nadhani, ni heshima: mpika pombe yumo kwenye orodha ya matatizo, na mtu aliye kwenye orodha ya matatizo haitwi kuwa mtaalamu.

Sisemi kwamba pombe ni njema kwa kaya za Iringa. Ulanzi ukigemwa vizuri msimu wa mvua, kuna siku za kazi zinazopotea na kuna watoto wanaoonjeshwa mapema mno, na anayeishi huko hahitaji utafiti kulijua hilo. Ninachosema ni kwamba ujuzi na madhara vinaweza kukaa kwenye chungu kimoja, na programu inayotaka kuheshimu utamaduni lazima ikubali kuuchukua ujuzi kutoka mikononi ulipo, hata kama mikono hiyo si ile ya wazee wenye hekima wanaopendeza kwenye picha za ripoti.

Mlezi asiyeandikwa kwenye kadi

Kadi ya mtoto ina nafasi ya jina la mama. Mpangilio wa semina, vipeperushi na ziara za nyumbani unamfuata yeye. Lakini kaya za Iringa na Njombe zilipitia kitu ambacho mikoa mingi haikukiona kwa ukubwa ule. Utafiti wa mwaka 2011 na 2012 ulipata maambukizi ya VVU ya asilimia 14.8 Njombe, ya juu kuliko mkoa wowote, na 9.1 Iringa. Nyuma ya namba hizo kuna bibi waliolea wajukuu kwa miaka mingi, na kaya ambazo kizazi cha katikati kiliondoka. Wengine waliondoka wakiwa hai. Sifa ya Iringa kama chimbuko la wasichana wa kazi za ndani wa Dar es Salaam imezoeleka hadi imekuwa mzaha wa mjini, na si mzaha mzuri: binti anayekwenda kulea mtoto wa mwajiri Sinza au Mbezi ndiye dada mkubwa ambaye kijijini angembeba mdogo wake mgongoni mama akiwa shambani.

Kwa hiyo anayempikia mtoto uji wa saa nne mara nyingi ni bibi, au mtoto wa miaka tisa. Na anayeamua gunia lipi liende sokoni na lipi libaki ni baba, au babu. Mama aliyehudhuria semina amepewa ujumbe ambao hana saa wala mamlaka ya kuutekeleza. Kumwongezea ngoma na methali hakutampa hata kimoja kati ya hivyo viwili. Mpango wa miaka ya 1980 ulilijua hili kwa kiasi fulani, ndiyo maana ulianzisha vituo vya kulishia watoto ili mzigo utoke kwenye kaya moja moja. Vituo hivyo vilitegemea shamba la kijiji na nguvu ya serikali ya kijiji, na viwili hivyo vilipodhoofika katika miaka ya mageuzi ya uchumi, vituo navyo vikapungua nguvu.

Wengine waliofika mbele zaidi kwenye njia hii hawakufika kwa mapambo. Te Kōhanga Reo ya Wamaori wa New Zealand, iliyoanza mwaka 1982, husifiwa kwa lugha na nyimbo zake. Nguvu yake imo katika jambo lisilopendeza kupigwa picha: kila kituo kiliendeshwa na familia za watoto wenyewe, wazee na wazazi pamoja, wakiamua bajeti, mwalimu na mlo. Mtu atasema Wamaori ni watu wa asili wa nchi yao, na ni kweli kwamba Wahehe hawamo kwenye kundi ambalo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu huliita watu wa asili. Kwa Tanzania majina yanayotajwa ni Wahadzabe, Waakie, Wamasai na Wabarbaig. Serikali, ingawa ililipigia kura ya ndiyo Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu hao, imekuwa ikisisitiza kwamba wananchi wake wote ni wa asili. Mabishano hayo yana uzito mkubwa kwa mfugaji aliyeondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007. Kwa mtoto wa Kalenga uzito wake ni mdogo, kwa sababu anachokosa hakitokani na kutotambuliwa kwa kabila lake.

Daftari

Programu za sasa hazina upungufu wa nia. Mikataba ya lishe kati ya Rais na wakuu wa mikoa, halmashauri kutakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 vyote vinastahili sifa. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji imerudi kila baada ya miezi mitatu. Ni mtoto wa siku zile za Iringa, ingawa ni nadra kutambulishwa kwa jina la mzazi wake. Hoja yangu na programu hizi ni moja: zilivyopangwa, takwimu zinapanda. Mhudumu wa afya anajaza daftari, daftari linakwenda kituo cha afya, halmashauri inajumlisha, mkoa unapata alama ya kijani au nyekundu, na mkuu wa mkoa anajibu kwa Rais. Katika mnyororo huo anayewajibika kwa udumavu wa Kalenga yuko Dodoma au Iringa mjini.

Upande wa utamaduni nao unatembea peke yake. Chini ya mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa, Boma la zamani la Wajerumani lilifanywa makumbusho mwaka 2016. Mwaka mmoja kabla yake Wahehe walimsimika mtwa, yaani chifu wao, aliyekuwa bado mwanafunzi. Hizo ni ishara za jamii ambayo haijakata tamaa na urithi wake. Lakini urithi unaowekwa kwenye kabati la vioo ni mikuki, ngao na picha za machifu. Jiwe la kusagia linapowekwa linawekwa kama kitu cha zamani, na kimea hakiwekwi kabisa kwa sababu bado kinatumika.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inakitaka kijiji kiwe na mkutano mkuu wa watu wazima wote kila baada ya miezi mitatu. Siku ya kupima watoto nayo huja kila baada ya miezi mitatu. Hakuna kifungu kinachozuia matokeo ya siku hiyo kusomwa kwenye mkutano, kitongoji kwa kitongoji, bila kutaja jina la mtoto yeyote, kabla daftari halijaondoka kijijini. Wala kinachozuia mapato na matumizi ya kijiji kusomwa kikao hicho hicho, pamoja na idadi ya magunia yaliyouzwa msimu huo na bei ya kimea cha mpika komoni. Watakaopinga si wazee wa mila. Ni wenyeviti, na baba wenye maghala, na baadhi ya maafisa ambao alama yao ya kijani ingelazimika kuelezwa kwa Kihehe mbele ya bibi aliyeshika mtoto.